Shahada ni Pishi: Kwa Nini Krediti 126 Hazikutoshi

Salamu tumeshapeana, kwa hiyo naanza na karatasi hii. Ni transkripti ya mfano, yaani orodha ya masomo, alama na krediti za mwanafunzi, nimeitengeneza kwa ajili ya leo, lakini kila anayekaa kwenye dirisha la msajili majira ya mahafali amewahi kushika ya namna hii. Shahada ya huyu mwanafunzi inadai krediti 120. Yeye anazo 126. Ada amemaliza, hana somo alilofeli, joho ameshalipimia. Na hahitimu.

Tukae hapo kwanza, maana najua wengi wenu bado mnajumlisha. Mnachukua simu, mnajumlisha krediti zote tangu muhula wa kwanza, mkifika 120 mnashusha pumzi. Haba na haba hujaza kibaba, sawa. Lakini shahada si kibaba. Shahada ni pishi, na pishi ni vibaba vinne. Katika mfano huu kuna kibaba cha masomo ya jumla, krediti 30. Kuna cha fani kuu, 45. Kuna cha masomo yanayoitegemeza fani, 15. Na kuna cha hiari, 30. Jumla 120. Sasa tazameni alichonacho: jumla 30, fani kuu 42, tegemezi 12, hiari 42. Hiari imefurika kwa krediti 12, na vibaba viwili vimepungua krediti 3 kila kimoja. Mfuriko wa vibaba vingine mara nyingi huruhusiwa kushuka kwenye hiari. Wa hiari haupandi kokote. Hilo ndilo jambo nililokuja kulisema, na mengine yote leo yanalizunguka.

Alifikaje hapo? Fuateni mstari kwa mstari. Mwaka wa pili, muhula wa kwanza, alijisajili Takwimu, krediti 3, kibaba cha tegemezi. Wiki ya pili akaona ratiba imembana, akaiacha, akachukua somo jingine la saa ileile, nalo krediti 3. Tatu kwa tatu, akaona hajapoteza kitu. Mwaka wa tatu, muhula wa pili, akataka kujisajili Mbinu za Utafiti, somo la lazima la fani kuu. Akakataliwa, kwa sababu sharti lake ni kufaulu Takwimu kwanza. Akachukua somo la hiari, krediti 3. Tatu kwa tatu tena. Mwaka wa nne ukapita vivyo hivyo, kila muhula na krediti zake 15 au 18, na kila muhula jumla ikipanda vizuri.

Sasa amemaliza muhula wa mwisho anadaiwa masomo mawili tu. Lakini Takwimu hufundishwa muhula wa kwanza, Mbinu za Utafiti muhula wa pili, na la pili halichukuliwi kabla ya la kwanza. Krediti 6 zinamla mwaka mzima. Ada ya mwaka, pango la mwaka, na kazi aliyokuwa ameahidiwa imeshapata mtu mwingine. Kisa chenyewe ni fomu moja ya kubadilisha somo, aliyoijaza kwa dakika tano.

Najua hoja inayokuja: "Lakini mfumo wa usajili ulinikubalia!" Ulikukubalia, ndiyo. Mfumo wa usajili hukagua mambo machache: kama darasa lina nafasi, kama ratiba haigongani, kama umetimiza sharti la somo lile, kama ada haikuzuii. Kwa kawaida haukagui somo linaangukia kibaba kipi. Hiyo ni kazi ya ukaguzi wa shahada, ambao vyuo vingi huufanya rasmi pale tu unapoomba kuhitimu. Yaani unaambiwa una upungufu siku ambayo huna tena muhula wa kuuziba. Mimi hili linaniudhi, na silaumu wanafunzi peke yao. Ila maadamu ndivyo lilivyo, ombeni ukaguzi huo mapema, kila mwisho wa mwaka, na msikose kuuomba mkiwa bado mna mihula miwili mbele yenu.

Hoja nyingine: "Somo nililosoma ni gumu kuliko linalodaiwa." Inawezekana kabisa. Lakini krediti haipimi ugumu, wala haipimi akili. Krediti hupima muda wa kazi, na ukifaulu ndipo muda huo unaandikwa kwako. Asili yake yenyewe inaonyesha hivyo. Mwaka 1906 Carnegie Foundation ya Marekani, iliyokuwa na fedha za pensheni za maprofesa, ilitaka kujua chuo kipi ni chuo kweli. Ikaweka sharti: chuo kinachotaka pensheni hizo kidai uniti 14 za sekondari kwa anayeingia, na uniti moja ikawa saa 120 za darasani kwa somo moja. Hesabu ya saa, basi. Vyuo vikaichukua hesabu hiyo, na hadi leo ndiyo inayobeba shahada zetu.

Kwa hiyo zijueni saa zenu. Katika mfumo wa Marekani, krediti 1 ni saa 1 ya darasani kwa wiki na takriban saa 2 za kujisomea, kwa muhula wa wiki kama 15. Hizo ni saa 45. Somo la krediti 3 ni saa 135 kwa muhula. Ukibeba krediti 15, wiki yako ina saa 45 za masomo, na anayefanya kazi ya kutwa juu ya hapo aipige hesabu hiyo kabla ya kujisajili, asisubiri wiki ya kumi.

Na hapa kuna mtego mwingine. Krediti 12 kwa muhula zinakufanya uhesabiwe mwanafunzi wa kutwa katika mfumo huo, na wengi husimama hapo. Zidisheni kwa mihula 8: ni 96. Mmepungukiwa 24, mihula miwili mizima, na hamjafeli kitu. Neno "wa kutwa" ni la ada, mkopo na viza, si ahadi ya kumaliza kwa wakati. Ili kufika 120 kwa mihula 8, kila muhula unadai 15. Ukishuka hadi 12 muhula mmoja, andika palepale ni muhula upi utabeba 18.

Halafu wapo ambao hata hizo 126 zao si 126. Ukirudia somo ulilofaulu ili kupandisha alama, transkripti itaonyesha mara mbili, lakini krediti kwa kawaida huhesabiwa mara moja. Somo la kujiandaa, lile la kuziba pengo la sekondari, mara nyingi unalilipia na linaingia kwenye mzigo wa muhula, ila haliingii kwenye shahada. Somo ulilohudhuria kama msikilizaji halina krediti hata moja. Na somo lililobaki "halijakamilika" lina tarehe: ikipita bila kazi kuwasilishwa, vyuo vingi hulibadilisha kuwa kufeli bila kukuandikia barua.

Nije kwenye kuhama chuo, kwa ufupi maana muda unanibana. Krediti hazifanani. Ulaya, katika mfumo wa ECTS, yaani wa kuhamisha na kukusanya krediti kati ya vyuo, mwaka mmoja ni krediti 60, na krediti 1 ni saa 25 hadi 30 za kazi. Shahada ya kwanza ni 180 au 240. Uingereza, krediti 1 ni saa 10, mwaka ni 120, shahada ya kwanza ya miaka mitatu (honours) 360. Kwa hiyo anayetoka Uingereza na 120 zake hajamaliza shahada ya Marekani. Amemaliza mwaka mmoja. Kabla ya kulinganisha namba, ulizeni mwaka mzima wa kutwa ni krediti ngapi.

Hata ndani ya Marekani, vyuo vya robo mwaka, vinavyougawa mwaka kwa robo badala ya mihula, vinadai krediti 180 pale vya mihula vinapodai 120, yaani krediti 3 za robo mwaka ni sawa na 2 za muhula. Somo la krediti 4 za robo mwaka linakuwa 2.67. Chuo kipya kinadai 3. Umepungukiwa theluthi moja ya krediti, na theluthi hiyo, idara isipoisamehe kwa maandishi, inaweza kukudai somo zima.

Na kukubaliwa kwa krediti si kuhesabiwa kwa krediti. Chuo kipya kinaweza kupokea krediti zako 60 na kuzimwaga zote kwenye hiari. Barua itasema 60, nawe utafurahi, kumbe kibaba cha fani ni kitupu. Ulizeni swali hili kwa kila somo: limeingia mahali pa somo gani? Pia vyuo vingi hudai sehemu ya krediti, mara nyingi robo au zaidi, zisomwe kwao wenyewe, hata ukija na nyingi kiasi gani.

Wastani wa alama, neno moja tu: krediti ndizo uzito. Pointi 4 kwenye somo la krediti 1 na pointi 2 kwenye somo la krediti 4 hazikupi 3. Ni 4 na 8, jumla 12, gawanya kwa 5: 2.4. Somo zito likipata alama hafifu, jepesi moja halitoshi kuuziba upungufu huo.

La mwisho, kwa wanaoambiwa na mshauri wa masomo, "Chukua hili, litafaa badala ya lile." Asante kwake, lakini apewe karatasi. Iandikwe namba na jina la somo linalodaiwa, namba na jina la linalokubaliwa badala yake, kibaba linachojaza, sahihi ya mkuu wa idara na tarehe. Nakala moja kwenye faili lako kwa msajili, nyingine nyumbani kwako. Washauri huhama, na ahadi ya mdomoni huhama nao.

Haya, anayetaka tupitie transkripti yake aje mbele. Ila aje na mwongozo wa masomo wa mwaka alioingia chuoni, si wa mwaka huu, kwa sababu mara nyingi ule wa zamani ndio atakaohukumiwa nao.