Bei Iliyozibwa Mdomo

Ndugu zangu, jambo hili nimelisema katika kumbi nyingi na leo nalirudia, kwa sababu bado naambiwa kwamba mwenye duka akiruhusiwa kuuza kwa bei aitakayo, basi soko ni huru. Si lazima! Kampuni ikimwambia, "Uza utakavyo, ila usitangaze bei iliyo chini ya kiwango changu," imemwachia mikono ikamziba mdomo.

Chukueni sidii za muziki Marekani, miaka ya 1990. Maduka makubwa ya vifaa vya umeme kama Best Buy na Circuit City yalikuwa yakiziuza kwa bei ya kutupa, mara nyingine chini ya bei yaliyonunulia. Faida ya sidii haikuwashughulisha. Walitaka mteja afuate wimbo, atoke na televisheni. Maduka ya muziki, yasiyo na televisheni ya kuuza, yakaumia na kulalamika.

Wasambazaji watano, Sony, Universal, Warner, BMG na EMI, walikuwa wameshika takriban asilimia 85 ya soko. Walikuwa na desturi ya kuwachangia wenye maduka gharama za matangazo. Wakakaza masharti: ukitangaza chini ya kiwango, hata kwa tangazo ulilolilipia mwenyewe, hata kwa karatasi uliyobandika ndani ya duka lako, unakatiwa mchango. Na si wa albamu ile peke yake, bali wa muziki wote wa msambazaji huyo, siku 60 hadi 90.

Sasa niambieni, mwenye duka apunguze bei ili iweje? Mtu hushusha bei ili isikike. Mzuie muuza mitumba wa Gikomba kunadi, umwachie ruhusa ya kupunguza kimyakimya: atapoteza shilingi kwa kila shati na hataongeza mteja hata mmoja. Kesho atarudisha bei juu mwenyewe, bila kushikiwa fimbo. Ndivyo vita vya bei ya sidii vilivyozimwa.

Mei 2000, Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilikadiria kwamba wanunuzi huenda walilipa hadi dola milioni 480 zaidi katika miaka mitatu. Kampuni zikakubali kuyaacha masharti hayo kwa miaka saba, bila kukiri kosa. Kesi ya majimbo ya Marekani dhidi ya kampuni hizo ikamalizwa kwa mapatano mwaka 2002, na mwaka 2004 watu wapatao milioni tatu na nusu wakapokea hundi ya dola 13 na senti 86 kila mmoja. Bei ya sidii moja! Hata mtu aliyekuwa amenunua hamsini.

Najua mtaniuliza: na duka dogo je, si ndilo linalolindwa na kiwango hicho? Mteja anakuja kujaribu viatu vya kukimbilia, anapimwa mguu, anashauriwa nusu saa, kisha anakwenda kuagiza mtandaoni kwa bei nafuu. Hoja hiyo ni nzito na siipuuzi. Mwenye duka yule amefanya kazi bila ujira. Basi kiwanda kimlipe kwa kazi ile: kupima, kufundisha wauzaji, kuweka bidhaa za kujaribia. Kwa nini gharama yake abebeshwe kila mnunuzi, hata yule anayejua namba ya kiatu chake na hahitaji ushauri?

Mtandaoni mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu bei inayotangazwa ndiyo bei ya kuuzia. Ndiyo maana kwenye maduka ya mtandao ya Marekani unaambiwa uweke bidhaa kwenye kikapu kwanza ndipo uone bei. Uingereza waliliona hilo: mwaka 2016 mamlaka ya ushindani iliitoza kampuni ya majokofu ya biashara, ITW, faini ya zaidi ya pauni milioni mbili kwa sharti la namna hii.



Hapa Kenya, kifungu cha 21 cha Sheria ya Ushindani ya 2010 kinakataza kumwekea muuzaji kiwango cha bei asichoruhusiwa kuuza chini yake. Msambazaji anaweza kupendekeza, mradi aseme waziwazi kwamba pendekezo halikufungi. Kwa hiyo nyinyi wenye maduka, barua ya msambazaji ikija na orodha ya bei, tafuteni sentensi hiyo. Msipoiona, mwandikieni mumuulize, na jibu lake mlihifadhi.