Limau Juu ya Chokaa

ATHMAN: Assalaam aleikum, wasikilizaji wetu. Tumekaa barazani hapa Langoni, Lamu mjini, tuzungumzie asidi inayozidi baharini. Mbele yetu kuna kipande cha chokaa kilichobanduka ukutani, na nusu ya limau. Haya, Da Mwanaisha, kamua.

MWANAISHA: Nakamua. Umeona asidi ya limau inavyoila chokaa?

ATHMAN: Linatoka povu! Sogeza kinasa sauti, wasikie linavyochemka.

MWANAISHA: Wazee walichoma matumbawe wakapata chokaa. Ikishapakwa ukutani huvuta hewa ya ukaa mwaka hadi mwaka, ikarudi kuwa jiwe lile lile. Matumbawe, chaza, kome, kauri, wote wamejijengea nyumba kwa kitu hicho hicho.

ATHMAN: Kwa hiyo bahari sasa imekuwa limau?

MWANAISHA: Hapana, Kaka Athman, na hapo naomba tuchunge ulimi. Wako wanaowatisha wavuvi kwamba bahari imeshakuwa asidi. Haijawa. Kwenye kipimo cha asidi kiitwacho pH, katikati ni 7; chini ya hapo ndiyo asidi. Maji ya bahari, kabla ya enzi ya viwanda, yalikuwa kwenye 8.2 hivi; leo yako kwenye 8.1. Bado yako juu ya katikati, ila yanashuka.

ATHMAN: Mvuvi atakuuliza, 0.1 ndiyo nini?

MWANAISHA: Kipimo hicho hakihesabu kama rula. Kila namba moja ukishuka, asidi imezidi mara kumi. Hiyo 0.1 peke yake ni ongezeko la zaidi ya asilimia 25. Chanzo ni makaa ya mawe, mafuta na gesi vinavyochomwa duniani; karibu robo ya hewa ya ukaa inayotokana nasi humezwa na bahari. Ikiyeyuka majini huwa asidi, na asidi hiyo huikamata karbonati, yaani matofali ya mjenzi. Hata kabla gome halijaanza kuyeyuka, fundi tayari amepungukiwa na vifaa.

ATHMAN: Na anayeumia kwanza ni mtoto.

MWANAISHA: Mtoto, naam. Kule Oregon, Marekani, kwenye miaka ya 2007 na 2008, vichanga vya chaza vilikufa kwa mamilioni kwenye matangi ya kuvikuzia. Maji ya kina kirefu yenye hewa ya ukaa nyingi yalikuwa yamepanda juu, yakaingia matangini. Wenyewe wakajifunza kuyapima na kuyatibu. Sasa, tangi unaweza kulitibu. Mwamba wa Kiunga utautibu vipi?

ATHMAN: Na kamba wetu je? Kiunga na Kizingitini watu wanaishi kwa kamba.

MWANAISHA: Kamba na kaa hawafanani na chaza, baadhi yao hustahimili zaidi. Hofu yangu kubwa ni mwamba wenyewe, maana ndiko anakojificha kamba, ndiko wanakokaa changu na pono. Mwaka 1998 maji yalipata joto, matumbawe mengi ya pwani yetu yakageuka meupe yakafa. Joto huua kwa majuma machache. Asidi huja baadaye, ikachelewesha kujenga upya. Mwamba ukiwa dhaifu, mawimbi ya kusi nayo yanafika ufukweni na nguvu zake zote.

ATHMAN: Moshi wa dunia hatuuzimi sisi kwa mashua zetu. Mimi jambo hili linaniuma, kwa kweli. Tunalipa deni tusilokopa.

MWANAISHA: Linaniuma na mimi. Lakini nyasi bahari tunazo. Mchana, jua likiwaka, nyasi hunywa hewa ya ukaa iliyo majini, na asidi ikapungua pale zilipo. Hapo hapo tasi wanakula na kukulia. Halafu mtu anakuja na juya, ule wavu wa kukokota ambao sheria imeukataza, anaukokota juu ya nyasi hizo mpaka mchanga unabaki mtupu!

ATHMAN: Hilo liko mikononi mwetu, halingoji mkutano wa ng'ambo.

MWANAISHA: Na kupima. Ile karatasi ya kupimia asidi kwenye maabara ya shule haitaiona tofauti ya 0.1, panatakiwa chombo cha uhakika, pahali pale pale, miaka mingi. Vijana wetu wafundishwe kazi hiyo.

ATHMAN: Jumamosi ni bamvua. Maji yakipwa tutafuatana na kina mama wanaochokoa pweza mwambani, watuonyeshe nyasi zilikuwa zikifika wapi zamani. Kinasa sauti tutakibeba.