Samaki Wanakufa Tangini Bila Sababu? Tuchunguze Kwanza, Dawa Baadaye

Hamjambo wapendwa, karibuni tena nyumbani kwangu Mombasa. Leo nina huzuni. Tangi langu la maji ya chumvi, la lita 300, limepoteza samaki watatu ndani ya siku nne, na huyu kitatange mnayemwona pale pembeni hajala tangu jana. Kwa hiyo tutachunguza pamoja. Dawa iko kabatini, na ikae huko huko kwanza.

Swali la kwanza: nani amekufa, na wamefuatana vipi? Wakifa wote usiku mmoja, shuku hewa au sumu. Wakienda mmoja mmoja hivi, shuku ugonjwa. Sasa mtazameni huyu kamba, anatembeza ndevu zake juu ya jiwe, mzima kabisa. Huyu ndiye shahidi wangu. Shaba ikiingia majini, au dawa ya mbu ikipulizwa sebuleni na pampu ya hewa ikaivuta, kamba huanguka mapema sana. Kamba yuko hai, konokono wako hai, samaki ndio wanaokufa. Sumu naiweka kando. Lakini nawasihi, chumba chenye tangi msipulize dawa ya mbu.

Maji, haraka haraka. Joto 26. Amonia, ile sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki, sifuri, rangi ya kipimo ni ya manjano safi. Chumvi, 1.025, yaani uzito wa maji haya ukilinganishwa na yasiyo na chumvi. Wale mnaochota maji upande wa hori ya Tudor wakati wa masika, pimeni kila mtungi, maana mito inamwaga maji baridi humo na chumvi inashuka. Mimi nauza maji yaliyochanganywa tayari, mtungi wa lita 20, anayehitaji aniandikie hapo chini.

Sasa nataka mwone namna anavyopumua... Ah! Stima imepotea. Ngojeni. Pampu ya betri, pampu ya betri... haya, vipovu vinatoka. Hili usilicheleweshe, maana maji ya joto hubeba hewa kidogo, yakitulia tu samaki wanaanza kuhema juu juu.

Basi giza hili tulitumie. Tochi naiweka ubavuni mwa kioo, simuliki kutoka mbele. Ningeona vumbi laini la rangi ya dhahabu ngozini, ningekimbia, kwa sababu ugonjwa ule unamaliza tangi kwa siku chache. Hakuna vumbi. Punje nyeupe kama chumvi? Hakuna. Lakini tazameni jicho. Mnaona ukungu ule? Na sasa hivi amejisugua kwenye jiwe. Hapo nimeanza kupata picha.

Tunamwogesha maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Nisikilizeni hapa vizuri. Maji ya mfereji yana klorini, iondoeni kwanza. Mwaka juzi niliharakisha, nikatumia maji ya mfereji moja kwa moja, na kangaja wangu wa bluu akafia mkononi mwangu. Klorini, iondoeni. Halafu joto liwe sawa na la tangi, pimeni kwa kipimajoto, msitumie kidole. Halafu pH, yaani kipimo cha asidi ya maji: maji haya yako chini, natia baikaboneti ya soda ile ya kuokea keki, kidogo kidogo mpaka 8.2. Magadi hapana! Magadi ni makali, yatamchoma. Vipovu viwe vinatoka wakati wote. Narudia: klorini, joto, pH.

Ndoo iwe nyeusi, mtaona kwa nini. Namtia. Dakika tano, na simwachi kwa macho. Amelala ubavu kidogo, bado anapumua sawa... Dakika ya tatu. Sogeza kamera, sogeza! Mnaona vile vinavyoanguka? Kama ufuta, vyeupe, bapa. Vikiwa mwilini havionekani kabisa, maji baridi ndiyo yanavigeuza vyeupe. Ni minyoo bapa ya ngozi. Na jicho lile lenye ukungu, walikuwa wamelishika.

Haya, sasa dawa itoke kabatini. Prazikwanteli, ile ile wanayopewa watoto shuleni kwa kichocho. Mimi natumia unga safi. Vidonge vya watu vina viungo vingine ndani. Tangi ni lita 300, ila nikitoa mawe na mchanga, maji ni kama lita 260. Miligramu 2.5 kwa kila lita, kwa hiyo miligramu 650. Mkaa nautoa kwenye filta, la sivyo utanyonya dawa yote. Hewa naiongeza, kwa sababu dawa hii huamsha bakteria na bakteria hula hewa.

Mayai ya minyoo hayafi kwa dawa. Yataanguliwa, kwa hiyo leo Jumamosi natia dozi ya kwanza, na Ijumaa narudia.

Stima imerudi. Kitatange naye amerudi tangini, kajificha nyuma ya jiwe lake. Kesho asubuhi nitamjaribu na kipande cha mwani.