Unaanza Kuendesha Baiskeli Nairobi? Tafuta Kundi Linalomsubiri wa Mwisho

Karibu sana. Una baiskeli, umeizungusha mtaani mpaka mkono umezoea, na sasa unatamani kutoka na wenzako. Kinachokuzuia ni hofu ya kuachwa peke yako barabarani. Leo tunatafuta kundi hapa Nairobi, na utajua kama linakufaa kabla hujatoka nyumbani.

Hatua ya kwanza, nenda kwa fundi wako wa baiskeli. Ndiyo, kabla hata ya kushika simu. Fundi anayeziba pancha za mtaa mzima anajua nani hutoka Jumapili alfajiri, hukutana wapi, na nani kati yao ana subira na wageni. Ukiwa hapo, mwambie akukagulie breki na cheni, kisha nunua tyubu ya akiba inayolingana na gurudumu lako. Kama uliyo nayo ni black mamba, ile baiskeli nzito ya chuma isiyo na gia, usione haya: kwa mzunguko mfupi wa tambarare inatosha.

Hatua ya pili, fungua simu. Makundi mengi hutangaza safari Instagram na kupangana WhatsApp; mengine yako Strava, programu ya simu ya kurekodi safari za baiskeli. Tazama picha zao kwa makini. Je, kuna watu wa umri tofauti, wanawake kwa wanaume, baiskeli za kila aina? Hiyo ni dalili njema. Kama kila picha ni ya mbio na jedwali la spidi, liache kundi hilo kwanza.

Safari ninayoipendekeza kuliko zote kwa anayeanza ni Critical Mass. Ilianzia San Francisco mwaka 1992, na hapa Nairobi kwa kawaida hufanyika Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Si mashindano. Watu huenda pamoja, polepole, kuonyesha kwamba baiskeli nayo ina haki ya barabara. Ukiwa katikati ya umati ule, matatu inakuona. Thibitisha saa na mahali pa kukutania wiki hiyohiyo. Vilevile angalia matangazo ya kuelekea Juni 3, Siku ya Baiskeli Duniani iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2018. Na mtazamaji wa Kigali, wewe una bahati: siku zenu za Jumapili zisizo na magari zimekuwapo tangu 2016, na hapo ndipo pa kuanzia.

Hatua ya tatu, soma tangazo vizuri. Hapa tukae kidogo, maana wengi huangalia kilomita tu. Kilomita hazikwambii kitu bila mlima. Chukua Barabara ya Magadi. Ukishapita Kiserian na Corner Baridi, barabara inateremka kuelekea Bonde la Ufa, na Ziwa Magadi liko karibu mita 600 tu juu ya usawa wa bahari, ilhali Nairobi iko karibu 1,700. Kwenda ni raha tupu. Kurudi ni kupanda juani, tena miguu imeshachoka. Kwa hiyo kilomita thelathini za tambarare na thelathini za huko si ndugu. Mara ya kwanza tafuta kilomita kumi na tano hadi ishirini na tano, bila mlima mrefu wakati wa kurudi.

Hatua ya nne, mwandikie mratibu. Nakili maneno haya: “Habari. Mimi ni mgeni, sijawahi kuendesha na kundi. Mwendo wenu ni kilomita ngapi kwa saa? Mnamsubiri wa mwisho? Nani hufunga msafara?” Akikutajia mtu anayekaa nyuma ya wote mpaka mwisho, nenda. Akikujibu “jitahidi tu utafika,” tafuta kundi jingine.

Hatua ya tano, jizoeze Karura, msitu ule ambao Wangari Maathai na wenzake waliutetea usinyakuliwe. Unaweza kukodi baiskeli humo humo. Fuata njia zinazoruhusu baiskeli, wapishe watembea kwa miguu. Jizoeze kwenda mstari ulionyooka huku mkono mmoja ukitoa ishara, utauhitaji ujuzi huo.

Siku yenyewe, fika mapema robo saa. Vaa helmeti na nguo inayong'aa, beba maji, pampu na ile tyubu. Mtafute kiongozi, umwambie wazi kwamba ni mara yako ya kwanza. Mkiondoka, kaa kushoto, acha nafasi kama ya baiskeli moja mbele yako, na usifunge breki ghafla. Ukisikia “shimo!” au “gari nyuma!”, rudia kwa sauti ili aliye nyuma yako asikie. Na ukianza kuishiwa nguvu, sema mapema, njia ingali fupi na wenzako wakiwa karibu. Ukingoja hadi usimame, wa mbele watakuwa wameshapita taa za pili.