Balozi Mdogo wa Honolulu na Telegramu Zake

Waheshimiwa wasikilizaji,

Balozi mdogo hupelekwa ugenini kushughulikia pasi za kusafiria, biashara na shida za raia wenzake, naye huruhusiwa kuiandikia serikali yake kwa maandishi ya siri. Vita vinapokaribia, ruhusa hiyo hiyo humfanya awe jicho la jeshi. Naomba tuitazame Honolulu, mji wa visiwa vya Hawaii vya Marekani, ya mwaka 1941.

Balozi Mdogo Mkuu wa Japani huko alikuwa Nagao Kita. Mwezi Machi aliletewa karani aliyejiita Tadashi Morimura, ambaye kwa hakika alikuwa Takeo Yoshikawa, afisa wa zamani wa jeshi la majini. Kazi yake haikuhitaji kuvunja mlango wa mtu: alipanda kilima cha Alewa, akaketi katika nyumba ya chai inayotazama Pearl Harbor, bandari ya jeshi la majini la Marekani, akahesabu manowari.

Tarehe 24 Septemba Tokyo ilimwagiza Kita aigawe bandari hiyo katika maeneo matano, aeleze manowari zipi zimetia nanga na zipi zimefungwa gatini au kwenye maboya, na ataje pale ambapo mbili au zaidi zimelala ubavu kwa ubavu kwenye gati moja. Nawasihi mlizingatie agizo hilo la mwisho. Anayetaka tu kujua kama meli zimeondoka huuliza idadi. Lakini meli ya ndani, iliyokingwa na mwenzake, haifikiwi na topido, yaani kombora linalopita majini, na jambo hilo humhusu anayepanga kupiga.

Wamarekani waliinasa telegramu hiyo, wakaifumbua, na tafsiri ikawa tayari Washington tarehe 9 Oktoba. Makamanda wa Hawaii hawakupelekewa. Wafasiri walikuwa wachache, na telegramu za mabalozi wakuu, zilizofichwa kwa mashine, zilitangulizwa. Za mabalozi wadogo, zilizofichwa kwa mafumbo mepesi zaidi, zilisubiri. Kwa maoni yangu, wepesi wa mafumbo hayo ndio uliofanya yadharauliwe.

Mwanzoni mwa Desemba Tokyo iliamuru vitabu vya mafumbo ya siri vichomwe, Kita akabakiwa na fumbo hafifu zaidi. Kwa fumbo hilo, tarehe 6 Desemba, alituma taarifa kwamba hakuna dalili ya baluni za kukinga manowari dhidi ya ndege, na kwamba nafasi ya kushambulia kwa ghafla bado ni kubwa. Telegramu hiyo nayo ilinaswa. Ilifasiriwa tarehe 8, wakati Pearl Harbor ilikwisha kupigwa asubuhi ya tarehe 7.