Kiini Kikubwa, Seli Ndogo

BARAKA: Karibuni tena jamani. Leo tuko kwenye ini: jinsi wataalamu wanavyopima seli zake ili kutambua saratani, na dada Rehema kaja na picha za slaidi kana kwamba wasikilizaji mtaziona!

REHEMA: Nitawasimulia, usijali.

BARAKA: Haya, dada. Mtaalamu akiweka kinyama cha ini chini ya hadubini, si anaona tu kama ni saratani? Kupimapima seli kunatoka wapi?

REHEMA: Saratani iliyoharibika sana anaiona papo hapo. Tabu ni ile inayofanana na ini zima, yaani lisilo na ugonjwa. Seli zake hata nyongo zinatengeneza. Hapo daktari mmoja atasema saratani, mwenzake atasema ni kinundu tu cha sirosisi, yaani ini lililojaa makovu.

BARAKA: Kwa hiyo wanapima ukubwa wa kiini cha seli, ile sehemu ya ndani inayobeba vinasaba.

REHEMA: Hapo ndipo patamu, na hadithi inapitia Uganda. Mwaka 1973 Peter Anthony na wenzake walichapisha uchunguzi wa vipande vya ini vya wagonjwa wa huko. Waliona seli kubwa zenye viini vikubwa, vyeusi, vya maumbo ya ajabu. Kwenye maini ya kawaida zilikuwa kwa 1% ya watu, kwenye sirosisi karibu 7%. Sirosisi ikiwa pamoja na saratani? 64.5%.

BARAKA: Basi, kesi imekwisha!

REHEMA: Ngoja kwanza. Mwaka 1983 Watanabe na wenzake, Wajapani, wakazipima. Kumbe kwenye zile kubwa kiini kimekua na seli nayo imekua, uwiano wa kiini na seli haukuyumba sana. Zilizokaribia saratani ni seli ndogo, ambazo kiini kimejaa humo ndani hakuna nafasi.

BARAKA: Kichwa cha mtu mzima kwenye mwili wa mtoto.

REHEMA: Ehee! Halafu ini lenyewe lina vituko. Hata likiwa zima, seli nyingi zina viini viwili, au kiini kimoja chenye kromosomu, zile nyuzi za vinasaba, maradufu. Ukitegemea ukubwa peke yake, umeliwa.

BARAKA: Na maabara isiyo na kompyuta ya kupimia?

REHEMA: Chembe nyekundu ya damu iko palepale kwenye slaidi, upana wake kama mikromita 7. Unalinganisha nayo. Wanahesabu pia unene wa safu za seli: ini zima ni seli moja au mbili, saratani mara nyingi huzidi tatu. Ila angalia, slaidi iliyokaushwa kwa hewa hutandaza seli, iliyowekwa kwenye spiriti huzisinyaza. Usichanganye vipimo vya hizo mbili.

BARAKA: Kwa hiyo kila mgonjwa achomwe sindano ya kutoa kinyama?

REHEMA: Hapana, mdogo wangu! Mwenye sirosisi, mara nyingi CT, ile picha ya mashine ya eksirei, ya kuchoma dawa mshipani ikionyesha dalili zake wazi, inatosha.

BARAKA: Na saratani iliyotoka utumbo ikahamia kwenye ini?

REHEMA: Huko wanategemea zaidi rangi za kingamwili, zinazosaidia kuonyesha seli imetoka kiungo gani. Hiyo tuitengee kipindi chake.