Kesi ya Nyani kwa Ngedere: Nakisi za Bajeti Chini ya Sarafu Moja

Naanza na hesabu, maana bila hesabu mjadala huu hugeuka mahubiri ya nidhamu, na mahubiri hayo tumeyachoka.

Chukua nchi 4 zenye sarafu moja na benki kuu moja. Serikali inayozidisha nakisi ya bajeti (kutumia kuliko inavyokusanya) huvuna 10 nyumbani kwake: barabara, mishahara, kura. Gharama yake, yaani riba na bei kupanda, ni 24, lakini hiyo inagawanywa kwa wote, 6 kwa kila nchi. Wote wakijizuia, kila mmoja yuko sifuri. Mmoja akikiuka peke yake, anabaki na 4, wenzake wanapoteza 6 kila mmoja. Wakikiuka wote, kila nchi ina hasara ya 14. Haya, wewe ndiye waziri wa fedha: wenzako wafanye watakavyo, kukiuka kunakuongezea 4. Wala si ufisadi, ni kujumlisha na kutoa tu. Nchi zikifika 12, fungu lako la gharama linashuka hadi 2 na kishawishi kinapanda hadi 8.

"Si tuweke faini?" Sawa, ya kiasi gani? Kama uwezekano wa kutozwa ni nusu, faini sharti izidi kishawishi mara mbili: zaidi ya 16 kwa nchi 12. Uwezekano ukiwa sifuri, andika hata milioni.

Kanda ya euro iliandika. Kikomo cha nakisi, asilimia 3 ya pato la taifa. Adhabu, hadi asilimia 0.5 ya pato. Na mpiga kura ya kuadhibu? Mawaziri wa fedha walewale! Kesi ya nyani anapewa ngedere. Novemba 2003 Ujerumani na Ufaransa zilikuwa zimevuka kikomo, mawaziri wakausimamisha utaratibu wa kuziadhibu. Mahakama ya Ulaya ikatengua uamuzi wao Julai 2004. Mwaka 2005 kanuni zenyewe zikalegezwa. Mwaka 2011 wakageuza kura: adhabu inapita isipokuwa wengi waikatae. Mwaka 2016 Hispania na Ureno zikakutwa na makosa, na faini ikawekwa: sifuri.

Huu ni mchezo wa zamu, yaani mmoja hutenda kwanza na wengine humjibu baadaye, na mchezo wa namna hiyo husomwa kutoka mwisho. Siku ya kuadhibu nakisi imeshatokea, faini inaizidisha, na hakimu wa leo huenda ni mshtakiwa wa kesho. Kila mchezaji analijua hilo tangu zamu ya kwanza.

Mtaniambia mchezo unarudiwa, kwa hiyo watu wanaogopa kisasi. Kisasi gani? Wote kukiuka? Mwadhibu naye anapoteza 14, kwa hiyo atakaribisha suluhu. Na waziri anayengoja uchaguzi haihesabu miaka 10 ijayo.

Benki kuu nitaigusa tu, muda umekwisha. Serikali ikitangulia kukopa, benki inabaki kuchagua kati ya kuiacha ifilisike na kununua hatifungani zake, yaani hati za mikopo yake. Lakini ahadi inayoaminika hufanya kazi upande wa pili pia: mpango wa ununuzi uliotangazwa na Benki Kuu ya Ulaya Septemba 2012 haukununua hatifungani hata moja, na riba za Hispania na Italia zilishuka. Haya, maswali.